Kaseti Zisizo na Kitabu: Gemu za Super Nintendo Ninazozipendekeza

Anayenunua konsoli ya zamani siku hizi mara nyingi huipokea ikiwa mtupu. Hupewa mashine yenyewe, waya mbili tatu, pedi za kuchezea moja au mbili ambazo rangi yake ya kijivu imeshageuka manjano, na kaseti kadhaa zilizochakaa lebo. Boksi halipo, na kitabu cha maelekezo kilichokuwa ndani ya boksi kilichanika au kilitupwa zamani, pengine kabla mnunuzi hajazaliwa. Super Nintendo yangu ilinifikia katika hali hiyo hiyo, na kwa miezi ya mwanzo nililihesabu jambo hilo kuwa hasara. Baadaye nilianza kuliona kuwa kipimo. Gemu iliyotengenezwa miaka thelathini na zaidi iliyopita, ikiwekwa mbele ya mtu asiyeijua na asiye na ukurasa wowote wa kusoma, ama itamshika mkono na kumwonyesha namna ya kuicheza, ama itamwacha akibonyeza vitufe ovyo hadi achoke na kuzima.

Orodha nyingi za gemu bora za mashine hii hupangwa kwa umaarufu, au kwa kumbukumbu za utoto za mwandishi, ambazo msomaji hawezi kuzirithi. Mimi sikuwa nayo utotoni. Niliikuta nikiwa mtu mzima, kwa hiyo sina machozi ya kumwaga kwa kusikia muziki wa mwanzo wa gemu yoyote. Ninazozipendekeza hapa ni zile zilizofaulu mtihani wa kaseti isiyo na kitabu, nikizijaribu kwanza mwenyewe, kisha nikimkabidhi pedi mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye haogopi sifa za vitu vya kale na huitupa pedi sofani mara tu anapochoshwa. Chache nazipendekeza ingawa zilifeli, na nitaeleza sababu.

Mashine yenyewe ilitoka Japani Novemba 1990 kwa jina la Super Famicom, ikafika Marekani mwaka 1991 na Ulaya mwaka 1992, na ziliuzwa zaidi ya milioni 49 duniani kote. Prosesa yake haikuwa na mbio, kwani kasi yake ya juu kabisa ni megahezi 3.58, na ndiyo maana gemu za kurusha risasi kama Gradius III huingia katika mwendo wa kinyonga maadui wanapojaa kwenye skrini. Nguvu yake ilikuwa kwingine: iliweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja, zikichaguliwa kutoka rangi 32,768, ilikuwa na chipu ya sauti iliyotengenezwa na Sony na kubuniwa na Ken Kutaragi, yule yule aliyekuja kuongoza uundaji wa PlayStation, na ilikuwa na mbinu iitwayo Mode 7, inayochukua picha moja bapa na kuizungusha, kuikuza au kuilaza mpaka ionekane kama ardhi inayokimbilia upeo wa macho. Jambo ambalo husahauliwa ni pedi. Konsoli iliyotangulia ilikuwa na vitufe viwili tu vya vitendo. Hii ilileta sita, viwili kati yake vikiwa mabegani, na hivyo watengenezaji wa gemu wakajikuta na somo refu zaidi la kumfundisha mchezaji.

Kwa anayeanza, kaseti ya kwanza iwe Super Mario World ya mwaka 1990. Najua kwamba pendekezo hili halimshangazi mtu, lakini sioni njia ya kulikwepa. Ramani ya mwanzo humpa mchezaji njia mbili, kushoto na kulia, na zote mbili ni sahihi, kwa hiyo kosa la kwanza haliwezekani. Mpwa wangu alikwenda kulia, akakuta kobe wakija kwa safu huku gamba moja tupu likiwa miguuni pake. Alilipiga teke, likawafagia kobe wote mmoja baada ya mwingine, sauti ikipanda kwa kila aliyeanguka, na mwishoni akazawadiwa maisha ya ziada. Yapo maboksi yenye ujumbe ulioandikwa, lakini hakusoma hata moja, wala hakuhitaji kusoma, kwa sababu tangu siku hiyo hajawahi kuliona gamba akalipita. Hatua hiyo hiyo ndiyo inayomtoa Yoshi, joka mdogo wa kupandwa, katika yai lake, na mchezaji anapompanda, ngoma ndogo huongezeka ndani ya muziki ule ule uliokuwa ukiendelea. Anaposhuka, ngoma hunyamaza. Sikio hujulishwa kilichobadilika kabla jicho halijahakikisha.

Gemu hii ina njia za kutokea 96, na hapo ndipo inapomgeukia mtu mzima aliyedhani kwamba ni ya watoto. Kwenye ramani, hatua yenye njia moja huwa na kitone cha njano, na yenye njia mbili huwa na kitone chekundu. Hakuna anayekuambia maana ya rangi hizo. Siku moja unagundua kwamba kitone chekundu ulichokwisha kukipita kina mlango mwingine, na kuanzia hapo unarudi nyuma ukipekua kila bomba na kila dari. Onyo moja tu: kaseti haihifadhi ulipofikia mpaka umalize ngome, nyumba ya mizimu au jumba la swichi, kwa hiyo usizime mashine ovyo katikati ya safari.

Ya pili ni Mega Man X ya mwaka 1993, kutoka Capcom. Hatua yake ya utangulizi, iliyo kwenye barabara kuu ya juu, ni darasa ambalo mwanafunzi hajui kwamba amekaa ndani yake. Roboti kubwa linaanguka, barabara inapasuka, na mchezaji anajikuta shimoni kati ya kuta mbili bila ngazi. Anaporukaruka kwa kuhangaika, anagusa ukuta, anaona kwamba hadondoki bali anateleza taratibu, anaruka tena, na kumbe kuta zinapandika. Mwishoni mwa hatua hiyo anatokea adui asiyeshindika kwa silaha za wakati huo, kisha anaokolewa na Zero, shujaa mwekundu ambaye uwezo wake unamwonyesha mchezaji mahali anapoweza kufika. Baada ya hapo hatua nane ziko wazi, unaanza na yoyote, nazo zinaathiriana: ukimshinda Chill Penguin, bosi wa hatua moja, hatua ya bosi mwingine, Flame Mammoth, iliyokuwa na lava inayochemka, utaikuta imeganda. Kaseti hii haina betri ya kuhifadhi. Hutoa nywila ya tarakimu 12 ambayo ni lazima uiandike mahali. Mpwa wangu aliliona jambo hilo kuwa la ajabu kuliko roboti zote, akatafuta daftari.

The Legend of Zelda: A Link to the Past, iliyotoka Japani mwaka 1991 na kwingineko mwaka 1992, huanza usiku wa mvua. Kijana anaamshwa na sauti ya binti mfalme, ami yake anachukua upanga na kumkataza kutoka nje, na bila shaka mchezaji anatoka. Kila njia isiyofaa imezibwa na askari ambao hawakushambulii, wanakuelekeza tu. Ndani ya dakika kumi umeingia kwenye kasri, umemkuta ami yako amejeruhiwa na umepokea upanga wake. Sijakutana na gemu nyingi zinazopanga mwanzo wake kwa uangalifu wa namna hiyo. Baadaye, baada ya kupata vidani vitatu na upanga mkuu, unagundua kwamba ramani yote uliyoizoea ina pacha wake wa giza, wenye vilima na maziwa mahali pale pale lakini vimeharibika, na kwamba kioo ulichonacho kinaweza kukurudisha kwenye ulimwengu wa nuru mahali hapo hapo uliposimama. Mwamba usiofikika upande mmoja hufikika kwa kusimama mahali sahihi upande wa pili na kujimulika. Wazo ni jepesi kulieleza na refu kulimaliza. Mimi lilinichukua majuma.

Hata hivyo, Zelda haikufaulu mtihani wangu kwa alama zote. Katika nusu ya pili inataka uzungumze na watu, usome wanachosema, na ukumbuke kijiji ulichopita zamani, na asiyesoma Kiingereza au Kijapani vizuri atazunguka bila dira. Naipendekeza kwa watu wazima wenye subira, na kwa watoto wenye mtu mzima wa kuwasomea.

Sasa nifike kwenye Super Metroid ya mwaka 1994, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kutosha ya kumiliki mashine hii hata kama ungekuwa na kaseti moja tu. Mwongozaji wake ni Yoshio Sakamoto, na ilipakiwa katika kaseti ya megabiti 24, kiasi kikubwa kwa wakati wake. Baada ya maelezo mafupi ya mwanzo, gemu hunyamaza. Samus Aran, shujaa unayemwongoza, anashuka katika sayari ya Zebes, mvua inanyesha, na kwa dakika kadhaa hakuna adui yeyote: unatembea katika korido tupu, unapita magofu, unashuka kwa lifti, na kinachokutisha ni ule utupu wenyewe. Ni baada ya kuokota kifaa cha kwanza, kile kinachomwezesha Samus kujikunja kuwa mpira, ndipo sayari inapoamka, na korido zile zile ulizopita kwa amani zinakupokea kwa risasi unaporudi. Umejifunza, bila sentensi moja kuandikwa, kwamba katika gemu hii kurudi nyuma ni sehemu ya kwenda mbele na kwamba mahali hubadilika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko ndani ya eneo la Brinstar. Unatumbukia katika shimo refu ambalo huwezi kutoka kwa kuruka kwa kawaida, na humo wamo viumbe vidogo vitatu vya kijani vinavyoimba, kisha vinapanda juu kwa kujirusha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Vinafika juu, vinashuka, vinarudia. Mbinu hiyo Samus amekuwa nayo tangu mwanzo wa gemu. Hakuna kifaa cha kuokota, kuna kuijua tu. Inahitaji kugusa ukuta, kuelekeza pedi upande wa pili, na kubonyeza kitufe cha kuruka kwa tofauti ya kitambo kidogo sana, na vidole vya mtu asiyezoea hukataa katakata.

“Mjomba, hawa wanyama wananicheka,” mpwa wangu alilalamika jioni ya kwanza.

“Hawakucheki. Watazame wanavyofanya.”

Ilimchukua jioni mbili. Aliruka mamia ya mara, akaitupa pedi mara tatu kwa hesabu yangu, na alipotoka shimoni alirudi tena chini kwa hiari yake ili ahakikishe kwamba haikuwa bahati. Mahali pengine, ndege mmoja mkubwa anamwonyesha mchezaji kwa njia hiyo hiyo namna ya kukusanya mwendo wa kukimbia na kuugeuza kuwa mruko wa kupaa wima. Kuna tuzo nyingine iliyofichwa kwa wenye haraka: picha ya mwisho hutegemea muda uliotumia, na iliyo bora hupewa anayemaliza chini ya saa tatu, jambo ambalo limeifanya gemu hii kuwa kipenzi cha wanaoshindana kumaliza gemu kwa kasi hadi leo. Mimi safari yangu ya kwanza ilizidi saa kumi, na sijutii hata moja.

Kwa wachezaji wawili, mapendekezo yangu ni mafupi zaidi kwa sababu mpinzani wako ndiye gemu yenyewe. Street Fighter II Turbo ya mwaka 1993 ni toleo ninalolichagua kabla ya lile la 1992, kwa kuwa linakuruhusu kuwatumia wapiganaji wote 12, wakiwemo mabosi wanne, yaani wapinzani wakuu wa mwisho, na kuchagua kasi. Pedi ya Super Nintendo inaonekana kana kwamba ilichongwa kwa ajili yake: ngumi tatu na teke tatu, vitufe sita, hakuna kinachobaki. Lakini hii ni mojawapo ya zile zilizofeli mtihani wangu waziwazi, maana hakuna mahali popote ndani ya kaseti panapokuambia kwamba mpira wa moto wa mpiganaji Ryu hutoka kwa kusukuma chini, kisha kuteleza hadi mbele, na kumalizia na ngumi. Siku zote somo hili limepitishwa kwa mdomo, kutoka kwa anayejua hadi kwa anayepigwa. Kama hujui, sasa unajua.

Super Mario Kart ya mwaka 1992 ina njia 20 za mashindano na waendeshaji wanane, nayo huigawa skrini vipande viwili hata unapocheza peke yako, kipande cha chini kikionyesha ramani au kioo cha nyuma. Mashindano yake yamepitwa na matoleo yaliyofuata, na uendeshaji wake huteleza kama sabuni kwa wasioizoea. Kinachobaki hai ni vita vya puto, ambapo kila mmoja ana puto tatu na kazi yake ni kuzipasua za mwenzake. Super Bomberman ya mwaka 1993 huchukua hadi watu wanne ikiwa una kifaa cha kuongezea pedi, na haihitaji maelezo zaidi ya kusema kwamba bomu hulipuka kwa msalaba. Nayo Tetris Attack, iliyozaliwa Japani mwaka 1995 kwa jina la Panel de Pon, haina uhusiano na Tetris zaidi ya jina: vigae huinuka kutoka chini, nawe hubadilishana viwili vilivyo jirani ili vitatu vya rangi moja vipangane na kutoweka. Mtu mzima yeyote niliyemkabidhi alikataa kuirudisha pedi.

Gemu za kuigiza zenye hadithi ndefu ndizo zilizoipa mashine hii heshima yake, na ndizo zenye maandishi mengi kuliko zote, kwa hiyo mtihani wa kitabu hapa hubadilika kidogo. Chrono Trigger ya mwaka 1995 ndiyo ninayoiweka mbele. Iliwakutanisha Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na mchoraji Akira Toriyama, huku sehemu kubwa ya muziki ikitungwa na Yasunori Mitsuda. Inaanza kwenye sherehe ya kijiji ambayo unaruhusiwa kuizurura upendavyo: unacheza bahati nasibu, unamrudishia mtoto paka aliyepotea, unakula chakula ulichokikuta mezani bila kuuliza ni cha nani. Saa kadhaa baadaye unashtakiwa mahakamani, na mashahidi wanaletwa mmoja mmoja kueleza ulichokifanya siku ile ya sherehe. Niliposikia habari ya kile chakula, niliiweka pedi chini na kucheka kwa aibu. Tangu hapo sikuzungumza tena na mtu yeyote ndani ya gemu hiyo bila kujiuliza kama ananikumbuka.

Safari zake kati ya zama nazo hazikuwekwa kama mapambo tu. Kuna jangwa katika mwaka wa 600 ambalo mwanamke mmoja anatamani kuligeuza msitu. Unamwacha roboti wako hapo afanye kazi, unapanda chombo chako cha kuvuka zama, na kwa upande wako unamchukua baada ya dakika chache tu, ilhali yeye amelima kwa miaka 400. Ina miisho zaidi ya kumi, na ukishaimaliza unaweza kuianza upya ukiwa na nguvu zako zote, ili uitafute mingine. Maadui huonekana wakiwa njiani na mapigano hufanyika pale pale uliposimama, kwa hiyo haina ule usumbufu wa kukatizwa kila hatua tano.

Usumbufu huo umo ndani ya Final Fantasy VI ya mwaka 1994, na ndiyo sababu inafuata nyuma, ingawa ina wahusika 14 wa kuchezwa na muziki wa Nobuo Uematsu ambao chipu ile ya Sony iliubeba kwa namna isiyotarajiwa. Tukio la opera linatosha kuwa ushahidi. Anayetafuta kaseti yake ya Kimarekani ajue kwamba imeandikwa Final Fantasy III, kwa sababu ni matoleo mawili tu yaliyokuwa yametangulia kufika huko. Na ajue vilevile kwamba mapema katika safari atakutana na pambano la shujaa Sabin dhidi ya adui Vargas, ambalo wengi wamekwama hapo: chagua Blitz, yaani pigo maalumu la Sabin, kubali, ndipo usukume kushoto, kulia, kushoto, kisha ukubali tena. Gemu inalisema jambo hili, lakini inalisema vibaya, na mimi nilikaa hapo kwa muda ambao sitautaja.

EarthBound, iliyotoka Japani mwaka 1994 na Marekani mwaka 1995, ilikuwa kinyume kabisa cha kaseti tupu: Marekani iliuzwa katika boksi kubwa pamoja na kitabu kizima cha mwongozo. Cha kushangaza ni kwamba inachezeka vizuri bila hicho kitabu. Mwandishi wake ni Shigesato Itoi, na mashujaa wake ni watoto wanaotembea katika miji ya kawaida wakiwa na gongo la besiboli badala ya upanga. Unapopigwa, namba ya uhai wako haishuki papo hapo, inazunguka taratibu kama mita ya gari, na ukiwahi kumaliza pambano au kujitibu kabla haijafika sifuri, unanusurika na pigo ambalo lingekuua. Kuhifadhi mchezo hufanywa kwa kumpigia baba simu. Ukicheza kwa muda mrefu, baba huyo anapiga mwenyewe na kukushauri upumzike. Mpwa wangu aliniuliza kwa ukali kama ni mimi niliyempanga.

Nisiwapite wachache kimya. F-Zero ya mwaka 1990 bado ni mfano mzuri wa Mode 7 na ina mwendo wa kutia baridi, lakini ni ya mtu mmoja tu. Donkey Kong Country ya mwaka 1994, ambayo kampuni ya Rare waliichora kwa kompyuta za Silicon Graphics, imezeeka kisura kuliko gemu zilizochorwa kwa mkono, ila muziki wa David Wise katika hatua za chini ya maji haujazeeka; ningemshauri mtu achukue ya pili, ya mwaka 1995, ambayo hatua zake zimepangwa kwa ustadi zaidi. Yoshi's Island ya mwaka huo huo, yenye sura ya michoro ya kalamu za rangi, ningeiweka kileleni kabisa kama kilio cha mtoto Mario kila anapodondoka kisingekuwa kinatoboa ukuta hadi chumba cha pili. Star Fox ya mwaka 1993, iliyokuwa na chipu ya Super FX ndani ya kaseti yake ili iweze kuchora maumbo ya pembe nyingi, ni ya kuiheshimu zaidi kuliko kuicheza, kwani picha zake zinakwenda kwa kusitasita. Na Super Ghouls 'n Ghosts, ambayo hukutaka uimalize mara mbili mfululizo ili uone mwisho wa kweli, mimi naiona ni adhabu iliyovikwa nguo za mchezo.

Kabla ya kutafuta kaseti yoyote, angalia mambo machache. Kaseti zinazohifadhi ulipofikia zina betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032, iliyochomelewa ndani. Ikifa, gemu itacheza lakini haitakumbuka kitu, na kuibadilisha huhitaji chuma cha kulehemu na mkono usiotetemeka, na hufuta kilichokuwemo. Kaseti isiposhika usiipulizie kwa mdomo, maana unyevu hula mguso wake wa shaba. Tumia pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti na uiache ikauke. Mashine za Ulaya huonyesha picha kwa hezi 50 badala ya 60, na gemu nyingi ambazo hazikurekebishwa hukimbia polepole kwa takriban moja ya sita, jambo linaloumiza zaidi kwenye Street Fighter kuliko kwenye Chrono Trigger, ambayo kwa vyovyote haikuuzwa rasmi Ulaya enzi hizo. Ukiiunganisha na televisheni bapa ya kisasa, washa hali ya michezo katika mipangilio yake, la sivyo picha itachelewa na utailaumu gemu kwa kosa la kioo. Televisheni za zamani zenye chogo hazina tatizo hilo, na ule ukungu wao mdogo ndio ambao wachoraji waliukusudia.

Asiyetaka shida hizi anaweza kutafuta ile konsoli ndogo ambayo Nintendo walitoa mwaka 2017 ikiwa na gemu 21 ndani yake, zaidi ya nusu yake nimezitaja hapa, ikiwemo Star Fox 2 iliyokamilishwa miaka ya 1990 na kuzuiwa isitoke. Chrono Trigger haimo. Inakuruhusu pia kurudisha nyuma makosa yako, uwezo ambao nyumbani kwangu sijamwonyesha mtu, kwa sababu jioni mbili za lile shimo la Brinstar zingekuwa dakika tano.

Daftari lililoanza kwa nywila za Mega Man X sasa lina kurasa nyingine: mchoro wa viumbe vitatu ukutani wenye mishale, orodha ya vitone vyekundu ambavyo bado havijafunguka, na ramani ya Zebes iliyochorwa kwa kalamu ya risasi na kufutwa mara nyingi. Kwa sasa tumekwama kwenye bomba refu la kioo linalopita chini ya maji, ambalo nyuma yake samaki wanaonekana wakiogelea na mlango hauonekani. Ameshalipiga kombora, ameligonga kwa mpira, amelirukia. Jibu ninalo, lakini bado hajaniuliza.